Anayekosea Anapika

Shangazi yangu hushona mashuka ya hospitali. Si daktari, si muuguzi, na sijasikia mgonjwa hata mmoja aliyetoka pale mzima akauliza, "Jamani, shuka nililolalia lilipindwa na nani?" Lakini lala siku moja tu juu ya shuka lisilo na pindo, uone nyuzi zinavyokufunga vidole vya miguu, ndipo utakapoijua kazi ya shangazi. Kazi hiyo anaifanya kwenye chumba cha chini ya ardhi, jirani na mashine za kufulia, ambako hewa ni ya moto na inanuka sabuni. Mashuka, mapazia ya wodini, vitambaa vya kijani vya chumba cha upasuaji. Toka asubuhi mpaka alasiri, mguu kwenye kanyagio, macho kwenye sindano.

Naandika habari zake kwa sababu nimechoka kusoma maisha ya wakubwa. Kila mmoja wao alianza chini akapanda mpaka juu, na akifika juu anatuandikia kitabu kutuambia kuna upepo mzuri. Shangazi hakupanda popote. Kila siku ya Mungu yeye hushuka ngazi. Na katika watu wote ninaowajua, hakuna aliyemshinda kwa raha. Tumeaminishwa kwamba raha ina wenyewe: chakula kitamu ni cha hotelini, muziki wa vyombo ni wa kumbi zenye mazulia, na mapumziko ya mwisho wa wiki ni ya wenye magari mawili. Huo ni uongo, tena uongo unaowafaa wauza tiketi. Anayebisha angekuja kwetu Ijumaa alasiri.

Ijumaa alasiri shangazi hunawa uso, huchukua kikapu cha vyakula na kodiani yake, na safari ya ziwani huanza. Kodiani ni kile kinanda cha kubeba kifuani, kinachovutwa na kubanwa kikapumua kama mapafu. Yake ni nyekundu. Imechanika mivukuto hapa na pale, naye ameiziba kwa kitambaa kile kile cha kijani cha chumba cha upasuaji.

"Imefanyiwa operesheni," husema, "na mgonjwa anaendelea vizuri."

Kule ziwani tuna kijumba. Kilijengwa na mume wake, fundi wa lifti, ambaye tunamwita Kapteni kwa sababu anapenda kuamuru hata kuku. Kuta ni za mbao. Mlango ni wa lifti. Sitanii: jengo moja kuukuu mjini lilipobadilishiwa lifti, Kapteni aliiomba ile ya zamani, akaisafirisha kipande kipande, akaifanya ukumbi wa kuingilia. Mgeni akifika hukuta milango miwili ya chuma inayong'aa, kitufe cha kuitia, na kibao kinachosema watu wasizidi wanane. Hubonyeza kitufe. Hakuna kinachotokea. Basi husimama kwa adabu akitazama juu, kama watu wote wanavyofanya wakisubiri lifti, huku sisi ndani tunajiuma midomo. Mwishowe Kapteni huisukuma milango kwa mikono na kutangaza, "Ghorofa ya chini! Chakula, muziki na mbu!"

Siku za mwanzo alikuwa akiwaaga wenzake kazini kwamba anakwenda kwenye "nyumba ndogo", mpaka shangazi alipoanza kupokea salamu za pole kutoka kwa wake za mafundi. Tangu hapo panaitwa kijumba.

Bendi yetu, nasema yetu ingawa mimi sipigi chochote zaidi ya makofi, ina watu wanne. Kapteni anapiga gitaa. Gitaa la besi analo mdogo wake wa kike, muuguzi wa kliniki ya watoto wachanga, ambaye kazi yake ya kuwapima uzito imempa jina la Mizani. Huyo ni wifi yake shangazi, na kama mawifi wengi hawawezi kukaa kwa amani wala kukaa mbalimbali. Ngoma anapiga Posta, rafiki wa Kapteni tangu ujana, mtu mrefu mwenye mikono mirefu, anayegonga mihuri kwenye barua kwa mdundo mzuri kiasi kwamba watu kwenye foleni hutikisa mabega bila kujua. Wa nne ni shangazi.

Miaka ile bendi ilipoanza, karibu ivunjike kwa sababu ya sufuria. Kila mtu alikuja ziwani kupumzika, hakuna aliyekuja kupika. Mizani, aliyezoea kuamua mambo kwa kipimo, akatoa sheria: Ijumaa jioni, kabla jua halijazama, utapigwa wimbo mmoja wa mwisho, na atakayekosea katika wimbo huo ndiye mpishi wa Jumamosi. Anayekosea anapika. Hakuna rufaa.

Wimbo wenyewe ni wa shangazi. Aliutunga kwenye cherehani, na jina lake ni Pindo. Mdundo wake ni ule wa mashine inayokimbia kwenye ukingo wa shuka, tututu-tutu, tututu-tutu, mpaka sindano ifike kwenye kona. Pale kwenye kona sauti ya kodiani hupanda ghafla, ikageuka hewani, ikashuka upande wa pili kama shuka linalokung'utwa. Ni wimbo usio na neno hata moja, na ukiusikia unatamani kutandika kitanda.

Ijumaa ya kwanza alikosea Posta. Jumamosi tukala kuku aliyekuwa mkaa nje na mbichi ndani, pamoja na wali ambao Kapteni alisema angeupata mapema asingenunua saruji. Ijumaa ya pili alikosea Kapteni mwenyewe, akatupikia samaki kwa sukari, na alipoambiwa akatetea kwamba vikopo havikuwa na maandishi. Ijumaa ya tatu, kodiani ilipofika kwenye kona, ilijikwaa. Ikatoa sauti ya bata aliyekanyagwa. Shangazi akainua mikono, akasema, "Haya, mimi huyo," akaenda kuandaa viungo vya kesho.

Jumamosi ile tulikula mpaka tukanyamaza. Kuku aliyelazwa kwenye ndimu na kitunguu saumu, viazi vya kuchoma vilivyopasuka ngozi, mchuzi wa nyanya uliochemka taratibu hadi ukaiva rangi. Posta alilamba kijiko pande zote mbili. Na Ijumaa iliyofuata, kwenye kona, bata yule yule akakanyagwa tena. Na iliyofuata. Miaka ikapita, bata hakufa, na sisi tukanenepa.

"Maskini shemeji," Posta alikuwa akisema, akifungua mkanda wa suruali kwa tundu moja. "Vidole vya kupika anavyo. Vya kupiga, Mungu ndiye anayejua alimpa nani."

Hata mimi niliamini hivyo, mpaka siku moja nilipompelekea shangazi mwavuli kazini saa ya chakula. Nilisikia kodiani kabla sijamaliza ngazi. Wanawake wa kufua walikuwa wamekaa juu ya marobota ya mashuka, bakuli mapajani, na shangazi amesimama katikati yao akipiga Pindo. Alifika kwenye kona, akaipita kama maji yanavyopita kwenye bomba, akapanda, akageuka, akashuka. Akarudia kwa madaha. Mama mmoja akarusha foronya hewani kwa furaha.

Nilisubiri wenzake waondoke.

"Shangazi, unajua kupiga!"

"Funga mlango, baba." Ananiita baba kwa kuwa nilipewa jina la babu.

"Miaka yote unakosea kwa makusudi?"

"Ulikula ule wali wewe, au hukula?"

"Shangazi, huu ni unyonyaji!" nikawaka. "Watu wazima wananyoosha miguu barazani, wewe uko kwenye moshi, halafu wanaita sheria!"

"Unyonyaji ni kula wali wa Posta," akasema, akinyoosha kitambaa chini ya sindano. "Mimi kupika napenda. Mpishi anakula mara mbili, kwanza kwa pua. Na kelele zao nikizisikia kutoka jikoni zinakuwa muziki. Kaa karibu uone kama utasema hivyo."

Nikauegemeza mwavuli ukutani, nikapanda ngazi nikiwa bado nimekereka.

Basi mambo yangekwenda hivyo hivyo, bata na mchuzi, kama Mizani asingempima mtoto mmoja uzito. Mama wa mtoto alikuwa mratibu wa burudani kwenye ukumbi wa manispaa. Wakiwa wanasubiri mshale wa mizani utulie, wakazungumza habari za muziki, na mtoto alipovishwa nepi yake mama alikuwa ameshaalikwa ziwani. Angekuja Jumamosi kula chakula cha mchana na kuisikiliza bendi. Ikimpendeza, ingepiga ukumbini, mbele ya watu walioketi kwenye viti.

Kapteni aliipokea habari hiyo sebuleni kwao kama amepandishwa cheo. Akatembea huku na huku akipanga nani atasimama wapi. Kisha akamgeukia mke wake, akakohoa.

"Mama, wewe katika Pindo nimekufikiria tari."

"Tari?"

"Tari ni chombo cha heshima. Unatikisa tu. Kona nitaipiga mimi kwa gitaa."

"Kona ya wimbo wangu?"

"Sasa mke wangu, tusidanganyane. Toka lini umeipita salama? Huku kwetu tumezoea, tunakusitiri. Ukumbini watu watatucheka."

"Wifi, usichukie," Mizani akaongeza. "Hata mtoto tunamwacha atambae kwanza."

Nilifungua mdomo kusema yote. Shangazi alinitazama mara moja, nikaufunga. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, akakitua mezani bila kukinywa, yeye ambaye hajawahi kuacha chai ipoe. Kumbe alikuwa radhi kuchekwa na watu wanne barazani maisha yake yote, mradi wimbo ubaki wake. Kunyang'anywa wimbo hakukuwa sehemu ya mapatano.

"Ijumaa tutapiga kama kawaida," akasema. "Nikikosea, nipe tari, na sitasema neno. Nisipokosea, nakaa mbele na kodiani yangu."

"Sawa," akasema Kapteni, kwa huruma ya mtu anayejua ameshashinda.

Wao waliona jambo moja tu: mama huyu hawezi. Mimi niliona la pili, na nadhani shangazi hakuwaza jingine wiki ile. Akipiga sawasawa, Jumamosi atapika mwingine. Mratibu atalishwa na Posta. Bendi iliyomlisha mgeni samaki wa sukari itaitwa ukumbini na nani? Akikosea, mgeni atakula vizuri, bendi itachukuliwa, na yeye atatikisa tari.

Ijumaa ikafika. Tuliketi barazani, jua bado limeinamia ziwa, mbu wameanza kusoma majina yetu. Posta akahesabu kwa vijiti. Pindo likaanza kukimbia, tututu-tutu, tututu-tutu. Shangazi alikuwa amefumba macho. Nilishika ukingo wa benchi. Kona ikaja.

Akaipanda. Safi, juu, kama uzi uliovutwa kutoka kwenye cherehani. Na hapo hapo bendi nzima ikatumbukia mtaroni. Posta alisimamisha vijiti hewani. Mizani akavuta noti moja ndefu kama mtu anayepiga miayo. Kapteni akachapa gitaa kwa nguvu zake zote, bam, mahali ambapo hapakuhitaji bam ya aina yoyote. Kodiani ikashuka upande wa pili peke yake, ikatazama nyuma, haikuona mtu.

Kiganja cha Kapteni kikatua juu ya nyuzi.

"Umekosea!" Kapteni akasema.

"Nimekosea wapi?"

"Kwenye kona! Hukukosea!"

"Ndiyo."

"Mimi pale husimama nikusubiri unyanyuke, shemeji," Posta akalalamika. "Miaka yote nasimama. Sasa hukuanguka, nimsubiri nani?"

"Na mimi noti ile huivuta ili nikufunike," akasema Mizani.

"Na mimi bam ni ya kuficha bata!" Kapteni akamalizia, na akiwa anasema, uso wake ukaanza kubadilika polepole, kama lifti inayopita ghorofa moja baada ya nyingine. Walikuwa wameuzoea ubovu mpaka wakaufanya sehemu ya wimbo. Wakaufanyia mazoezi. Wakauwekea kiraka kila mmoja kwa chombo chake, hata nguo yenyewe ilipotoka nzima hawakuweza kuivaa.

"Piga tena," akasema kwa sauti ndogo. Shangazi akapiga peke yake. Alipomaliza, mume wake alikuwa amevua kofia.

"Tangu lini unaweza hivi?"

"Tangu nilipoutunga."

"Sasa bata wa nini miaka yote?"

Shangazi akamtazama Posta kwa upole. "Shemeji, samahani. Ni ule wali."

Posta aliumia, nisiseme uongo. "Wali wangu ulikuwa na nini?"

"Ulikuwa na kila kitu ila huruma," akasema Mizani, akaanza kucheka, akacheka mpaka besi ikaanza kunguruma tumboni mwake. Kisha akanyamaza ghafla, maana ndiye aliyetunga sheria, na sheria ilimkumbuka. Waliokosea jioni ile walikuwa watatu.

"Hakuna rufaa," shangazi akasema.

Jumamosi asubuhi wale watatu waliingia jikoni kama watu wanaoingia chumba cha upasuaji bila daktari. Shangazi akabaki barazani, amekatazwa na nafsi yake kuvuka kizingiti. Yalikuwa mateso. Alisikia kisu kikikata kitunguu vipande vya ukubwa wa ngumi. Alisikia mafuta yakilia kabla ya wakati. Mara mbili alinyanyuka, mara mbili nikamkalisha.

"Shemeji!" Posta akaita kutoka ndani. "Chumvi kiasi gani?"

"Kiasi chake!"

"Chake ni kipi?"

Shangazi alifumba macho kama mtu anayetolewa mwiba, akavaa kodiani. "Hebu nisikilizeni huko ndani! Kateni kwa kufuata huu!" Akaanza Pindo. Na jikoni, bila hiari, visu vikaingia kwenye mdundo. Alipofika kwenye kona Posta akasimamisha kisu hewani.

"Usisimame! Kata!"

Akarudia. Posta akasimama tena, akatukanwa na Mizani. Akarudia. Asubuhi nzima walikata, wakakoroga, wakatwanga kitunguu saumu kwa Pindo, kona baada ya kona, mpaka mwiko ukaipita pale pagumu bila kuguna. Viazi viliteseka sana. Kuku alikorogwa kwa kasi isiyompasa kuku, na mchuzi ulipanda kila sauti ilipopanda, ukamwagikia jiko. Lakini mchana ulipofika, bam ilikuwa imekufa.

Mratibu aliwasili na mtoto mgongoni, akabonyeza kitufe, akasubiri lifti kwa adabu. Tukamkaribisha mezani. Alikata kipande cha kuku. Akatafuna. Akaendelea kutafuna, akitabasamu, akitazama ziwa, akarudisha macho mezani, bado anatafuna. Kapteni alikuwa akihesabu mbao za ukutani. Mimi nilimsogezea mkate, ambao kwa bahati nzuri ulikuwa wa dukani.

"Nani amepika?" mgeni akauliza, alipopata nafasi mdomoni.

"Sisi watatu," akasema Posta, ambaye aibu hakuzaliwa nayo.

"Hongereni," akasema mratibu, kwa sauti ile ya kumpa mtu pole.

Nikadhani tumekwisha. Shangazi alikuwa ametazama sahani yake. Najua alichokuwa akikiona pale: kuku ambaye angeweza kumwokoa, na ukumbi ambao angeweza kuwapatia wenzake kwa kijiko kimoja cha mchuzi mzuri. Kisha akaikunja leso yake, akainuka, akavaa kodiani.

Walipiga Pindo. Kapteni hakutoa amri yoyote, aliinamia gitaa lake kama mwanafunzi. Kona ilipokaribia niliona Posta akivikaza vijiti vyake. Kodiani ikapanda, na safari hii ngoma ikapanda nayo, besi ikapanda nayo, gitaa likapanda, wote wanne wakageuka hewani pamoja na kushuka upande wa pili, na mtoto wa mratibu, aliyekuwa amelala, akafumbua macho na kutazama ni nani anayekung'uta shuka zuri namna hiyo.

Mratibu aliomba warudie. Wakarudia. Akaomba tena.

"Nawachukua," akasema. "Na huyu mama nataka akae mbele, katikati. Chakula cha siku hiyo tutawapa sisi, msisumbuke kuleta. Nasema kweli, msilete."

"Na tari?" Kapteni akauliza, kwa mazoea tu.

"Tari ya nini?"

"Hakuna. Hakuna tari."

Mgeni akamgeukia shangazi. "Lakini mama, katika nyumba hii wewe hupiki kabisa?"

Wote tukamtazama. Ulimi uliniwasha: nilitaka kumweleza habari za ndimu na kitunguu saumu, na viazi vinavyopasuka ngozi. Shangazi alifikiri kidogo, kodiani bado imemlalia kifuani.

"Mimi ni mpiga kodiani," akasema, akachukua sinia la kuku na kumsogezea mgeni. "Ongeza, mwanangu, usione haya."

Mratibu akawahi kuifunika sahani yake kwa mikono miwili.